Kodi za Nyumba Zangu: Kompyuta Mpakato ya Inchi 12.5 na Herufi Mbili Zilizohama Viti

YUSUFU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mnaokumbuka ile kompyuta kubwa ya dada Zuhura, ambayo bawaba yake ilishikiliwa na gundi na maombi, leo mtafurahi kusikia kwamba imestaafu, kwa sababu hapa mezani kuna kitu kidogo cheusi ambacho mwanzoni nilidhani ni daftari la mahudhurio. Nimeandaa masomo matatu: namna ya kukagua betri kabla ya kulipa, namna ya kuchagua diski, na namna ya kujua kama programu endeshi yake itaendelea kuhudumiwa. Dada, tuanze na betri.

ZUHURA: Tutaanza na mwenye nyumba wangu, kaka Yusufu, kwa sababu Jumanne nilimwandikia barua kwa kompyuta hii na mpaka leo tunasalimiana kwa mbali.

YUSUFU: Kompyuta imekugombanisha na mwenye nyumba ndani ya wiki moja?

ZUHURA: Ndani ya siku mbili. Jumapili nilishuka Kariakoo nikanunua ThinkPad X260 ya mtumba kwa shilingi 380,000, ikiwa na prosesa, yaani ubongo wake, ya Core i5 ya kizazi cha sita, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 8, na diski ya SSD, ile ya kasi, ya gigabaiti 256. Ni toleo la mwaka 2016, uzito wake ni kama kilo moja na nusu, na inaingia kwenye mkoba wangu wa kawaida bila mtu kujua nimebeba nini, jambo ambalo kwa abiria wa mwendokasi si dogo. Niliijaribu dukani, ikawaka haraka, nikafungua kurasa kumi na mbili za kivinjari pamoja na faili la Word la kurasa mia mbili, na haikusitasita. Kitu ambacho sikukitazama ni kibodi.

YUSUFU: Kibodi ina nini?

ZUHURA: Ni ya Kijerumani. Nyuma ya kompyuta kuna mabaki ya kibandiko cha mali ya ofisi ya hukohuko. Wajerumani hutumia Z mara nyingi sana na Y kwa nadra, kwa hiyo kwao Z imekaa juu katikati, pale tulipozoea kuikuta Y, na Y imetupwa chini pembeni kushoto. Sasa mimi, kama mnavyojua, nilifundishwa kuchapa bila kutazama vidole, na usiku ule umeme ulikuwa umekatika.

YUSUFU: Ndiyo maana Jumanne nilipokea ujumbe unaoanza na maneno «Kaka Zusufu»!

ZUHURA: Na chini nikasaini Yuhura. [kicheko] Lakini sikiliza uone hatari yake. Niliandika, «Naomba nilipe kodi ya nyumba yangu mwishoni mwa mwezi.» Kwenye skrini ikatoka «kodi za nzumba zangu mwishoni mwa mweyi». Nilipopitia, «nzumba» na «mweyi» yakanigonga machoni nikayasahihisha. Yale mengine sikuyaona, kwa sababu «kodi za nyumba zangu» ni Kiswahili safi kabisa, na mistari myekundu ya Word haikunisaidia kwa kuwa inapigia mstari kila neno la Kiswahili, liwe sahihi au lisiwe.

YUSUFU: Kwa hiyo barua ikafika kwa mzee ikisema kwamba wewe una nyumba nyingi.

ZUHURA: Nami naomba kuongezewa muda wa kulipa! Alinijibu hivi: «Hongera mwanangu kwa nyumba zako. Uza moja unilipe.»

[kicheko kirefu]

YUSUFU: Ngoja, hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Mwingereza akikosea Y na Z anapata neno lisilokuwepo, basi analiona na kulifuta. Sisi upatanisho wetu wa kisarufi umeegemea herufi hizohizo: ya na za, yangu na zangu, yake na zake, yote na zote. Nomino zetu nyingi, kama nyumba, barua, kodi na sababu, hazibadiliki katika umoja na wingi, kwa hiyo kitu pekee kinachomwambia msomaji idadi ni herufi moja. Mtu anaweza kuomba mkopo wa gari yake moja akajikuta ameweka rehani msafara mzima.

ZUHURA: Na hujafika kwenye ng'ombe.

YUSUFU: Ng'ombe wameingiaje?

ZUHURA: Mtoto wa dada yangu alikuwa anaandika insha ya shule. Kwenye mpangilio wa Kijerumani, mahali tulipozoea kuikuta alama ya ritifaa pana herufi yao ya A yenye nukta mbili juu. Nilimwandikia kichwa cha habari bila kutazama, na hiki hapa, nimekihifadhi makusudi: «Ngäombe wetu».

YUSUFU: Amewekewa na pembe! Tazameni, nukta mbili juu ya kichwa, moja kushoto na moja kulia. Huyo ni ng'ombe kamili.

ZUHURA: Mtoto alikataa nisifute. Baadaye niliingia kwenye mipangilio nikaweka kibodi ya Kimarekani, na mimi nikapona papo hapo. Lakini yeye hutazama kitufe kabla ya kukibonyeza, kwa hiyo sasa anayechapa upuuzi ni yeye. Fundi akabandika vibandiko vyeupe vya herufi, na kwa joto hili la Dar es Salaam kile cha Z kilianguka siku ya pili. Kwa hiyo nyumbani tuna kompyuta moja na matabaka mawili ya raia: wanaotazama na wasiotazama.

YUSUFU: Mimi ni wa kutazama, tena kwa vidole viwili, na ningekuwa mimi ningeiacha kwenye Kijerumani, kwa sababu ilikuwa inasema kweli: kilichoandikwa kwenye kitufe ndicho kinachotokea. Wewe ndiye uliyeifundisha uongo.

ZUHURA: Alama ya barua pepe ungeipata wapi?

YUSUFU: Imechorwa pembeni mwa Q.

ZUHURA: Nayo huipati mpaka ubonyeze pia kitufe cha AltGr kilicho kulia. Mimi siwezi kuishi hivyo. Angalau Q na X zimebaki mahali pake, ingawa kwetu hazina kazi yoyote.

YUSUFU: Dada, dakika ishirini na tano zimekwisha na hatujagusa hata somo moja. Betri.

ZUHURA: Betri ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. X260 ina betri mbili, moja imefichwa ndani na nyingine imechomekwa nyuma, na unaweza kuichomoa ile ya nyuma na kuweka nyingine bila kuzima kompyuta kwa sababu ile ya ndani inashikilia. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji afungue dirisha la amri aandike powercfg /batteryreport, ikanipa ripoti yenye tarakimu mbili muhimu kwa kila betri: uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo inaojaa sasa. Zote mbili zilitoka na wati-saa 23. Ya ndani sasa inajaa 16 na ya nyuma 19. Usiku ule wa barua ilidumu kwa muda wa saa tano na ushee.

YUSUFU: Hapo nakusifu. Ila sasa niruhusu niseme linaloniudhi. Prosesa yako ni ya kizazi cha sita. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kuanzia kizazi cha nane. Hiyo iliyomo humo ndani ni ipi?

ZUHURA: Ni Windows 11. Dukani waliiweka.

YUSUFU: Waliiweka kwa kuruka ukaguzi wa kama kompyuta inakidhi masharti, na kampuni yenyewe imesema kwamba kompyuta za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho. Wewe unafungua akaunti ya benki humo. Kwa kuongeza kidogo ungepata kompyuta ndogo mpya, yenye prosesa ya Celeron N4020, inayokubalika rasmi, yenye dhamana na kibodi inayojua Y iko wapi.

ZUHURA: Yenye RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD, ya gigabaiti 64, ambavyo ndivyo viwango vya chini kabisa vinavyotakiwa na Windows 11. Hiyo imesimama kizingitini, kaka. Na kwa kawaida RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, huiongezi, wakati mimi nikipata fedha nafungua huku chini naweka kipande cha gigabaiti 16. Nilitumia mojawapo ya hizo mpya kwa miezi minne kazini. Masasisho unayonisifia yalipokuwa yanashuka, nilikuwa naenda kunywa chai, narudi, naikuta bado inafikiri.

YUSUFU: Polepole ni kero. Kuibiwa ni msiba.

ZUHURA: Basi nitaweka Linux Mint, programu endeshi nyingine ya bure, ambayo inasasishwa bila kuuliza umri wa prosesa.

YUSUFU: Na wateja wako wanaotuma faili za Word zenye majedwali yaliyopangwa kwa ustadi? Na fundi wako, ataitengeneza?

ZUHURA: Fundi aliyeshindwa kubandika herufi moja ndiye unayetaka nimtegemee?

YUSUFU: Sijajibiwa kuhusu benki.

ZUHURA: Benki natumia simu.

YUSUFU: Jumatatu uliniambia unalipa kwa kompyuta.

ZUHURA: Nilikuambia «nalipa kayi». Hukuelewa tu.

YUSUFU: Usinikimbilie kwenye utani, dada Yuhura. Mimi nasimama palepale: kitu kilichokosa masasisho si rahisi, kimeahirisha gharama.

ZUHURA: Nami nasema kwamba kitu kisichofunguka wala kuongezeka ni gharama iliyokwisha kulipwa. Tuishie hapo, maana naona wanakwaya wamefika mlangoni na chumba ni chao kuanzia saa kumi.

YUSUFU: Somo la diski tumelikosa kabisa, na la tatu tumelipigania badala ya kulifundisha. Kompyuta ina kiasi gani?

ZUHURA: Asilimia 84, na ilianza ikiwa imejaa. Andika basi maelezo ya kipindi hapahapa.

YUSUFU: Haya. Naanza na jina lako. Z iko wapi?

ZUHURA: Ile iliyoandikwa Y.