Injini Ikizimika Juu ya Usoma

WAFULA: Karibuni tena, leo tuko Kisumu. Mwenzangu hapa ana leseni ya urubani, jambo ambalo hulitaja hata asipoulizwa.

AKINYI: Wivu huo, ndugu yangu.

WAFULA: Haya. Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, umepaa, uko futi 400, injini inazimika. Unafanya nini?

AKINYI: Nashusha pua, papo hapo. Mkono utataka kuvuta usukani kwa vile unaiona ardhi, lakini ukivuta umekwisha. Ndege ile bila injini inataka kama kilomita 120 kwa saa ndipo ishuke kwa utaratibu. Kasi ikipotea, bawa halibebi tena.

WAFULA: Halafu unageuka urudi. Si kiwanja kiko hapo nyuma tu?

AKINYI: Hapo ndipo watu hufia! Hebu nifuate. Ukigeuka nusu duara unajikuta kando ya barabara ya ndege, si juu yake. Lazima uzidishe, kisha unyooshe tena. Ukiilaza nyuzi 45 ili ugeuke upesi, ile kasi ya chini kabisa inayokubeba inapanda kwa karibu asilimia 19, na huku unazidi kushuka. Tena upepo uliokukabili ukipaa sasa unakusukuma mgongoni.

WAFULA: Kwa hiyo ni mbele.

AKINYI: Mbele, kulia kidogo, kushoto kidogo. Shamba la miwa likiwepo, ingia. Ndege na ivunjike, watu watoke. Mimi huyasema haya kwa sauti kabla ya kuachilia breki, maana kule juu hakuna muda wa kuamua. Abiria wengine hushtuka, lakini afadhali.

WAFULA: Mimi ningeshuka hapo hapo.

AKINYI: Na ujue huku kwetu ni juu. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, Eldoret imepita 2,000. Hewa nyepesi, tia na jua la mchana, hata injini nzima inakosa nguvu. Unapanda polepole kuliko mtu wa Mombasa, basi ikizimika unakuwa bado chini.

WAFULA: Sasa ukipaa kuelekea magharibi hapa, mbele si shamba. Ni ziwa.

AKINYI: Basi ni ziwa. Nafunga mafuta, nazima umeme, nafungua milango mapema isije ikabana. Magurudumu ya 172 hayakunjwi, yakigusa maji ndege yaweza kupinduka. Ningelenga karibu na mitumbwi ya wavuvi wa Usoma, ufuo ulio karibu na kiwanja, hao ndio watakaonifikia kwanza.

WAFULA: Na magugumaji?

AKINYI: Nayakwepa. Kutoka juu utadhani ni uwanja wa mpira, kumbe chini ni maji matupu.

WAFULA: Mimi siogelei vizuri.

AKINYI: Jaketi la kuokolea unalivaa tukiwa bado chini, ila unalijaza hewa ukishatoka nje. Ukilijaza ndani na maji yakaingia, litaelea nawe hadi darini na mlango hutaufikia.

WAFULA: Kurudi Kakamega napanda matatu.

AKINYI: Matatu tutaizungumzia wiki ijayo, na hapo utatamani Cessna.