Windows 7 Bado Iko Mezani: Mazungumzo na Wenye Steshenari wa Kigoma

Shikamooni wazee wangu. Wengine, hamjambo. Najua mmeacha maduka Mwanga, Gungu na Ujiji na wateja wanasubiri kopi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Wengi wenu mna kompyuta ya mezani yenye Windows 7. Msione haya. Printa inaikubali, barua zinachapwa, picha za pasipoti zinatoka. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwenda juu na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na mashine nyingi za umri huo hazina. Mpya ni hela, na hela mnajua zilivyo. Sikuja kuwaambia mtupe mashine. Nauliza tu: hiyo mashine inabeba siri za nani?

Maana steshenari ya leo si kopi peke yake. Kijana anakuja kujaziwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB. Anatoa namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani wa kidato cha nne, na nywila ambayo mara nyingi wewe ndiye unayemtungia. Kivinjari kinauliza kama kihifadhi nywila, unabonyeza ndiyo ili akirudi msihangaike. Msimu wa maombi ukiisha, siri za mtaa mzima zimelala kwenye mashine yako.

Sasa sikilizeni. Microsoft waliacha kuitolea Windows 7 masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Makampuni yaliyolipia yaliongezewa muda hadi Januari 2023, basi. Kivinjari cha Chrome nacho kwenye Windows 7 kiliishia toleo la 109. Tundu likigunduliwa leo, hakuna wa kukuzibia. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu nchi nyingi kwa mpigo, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu, na mwenye mashine akadaiwa dola 300 kwa Bitcoin. Mashine nyingi zilizopatwa zilikuwa za Windows 7, na kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lile, kilikuwa kimeshatolewa mwezi Machi! Wale walipatwa dawa ikiwepo. Sisi hata dawa haitengenezwi tena.

Lakini tuseme ukweli, kwa maduka yetu adui wa kila siku haji na bando. Anakuja mfukoni mwa mteja, ndani ya fleshi. Mnaijua hii: mwalimu anachomeka fleshi yake, mnafungua, mafolda yote yamekuwa shotikati zenye kamshale kadogo pembeni. Zamani kirusi kilijiendesha mara tu fleshi ikiingia. Conficker ya mwaka 2008 ilisambaa hivyo pia. Windows 7 ikaubana mlango huo, watengeneza virusi wakabuni mwingine: wanangoja kidole chako. Ukibonyeza ile shotikati, kirusi kinaamka kwanza, halafu folda inafunguka kama kawaida, nawe huna habari.

Kazi za mwalimu hazijapotea, zimefichwa tu. Kwa hiyo msikimbilie kuformati, jamani, mtu ana mitihani yake mle. Usibonyeze kitu. Fungua dirisha jeusi la amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya fleshi hiyo. Mafolda yatarudi. Futa shotikati, kopi nyaraka pekee. Na kwenye mipangilio ya mafolda, ruhusu mikia ya majina ya mafaili ionekane. Faili lina picha ya Word na jina "Barua", kumbe linaishia na .exe? Hilo si barua.

Kuna na hili la kraki. Fundi anakupigia Windows, anaweka kraki isidai leseni, na kabla ya hapo anasema, "Zima antivairasi kwanza." Mlinzi anazimwa ili mgeni apite, nawe unalipia. Mimi hapo hujanishawishi.

Ninavyoona, gawanyeni kazi. Mashine ya Windows 7 ibaki ya kuchapa na kutoa kopi, bila intaneti kabisa. Fanyeni kazi kwa akaunti ya kawaida, ile ya msimamizi iwe ya kusakinishia programu tu. Bakapu iwe kwenye diski ya nje, na ikishamaliza chomoa; diski iliyobaki imechomekwa, kirusi kama WannaCry huifunga pamoja na mashine. Maombi na barua pepe vihamie kwenye laptopu nyingine, hata ya zamani, yenye Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Ni bure, na Firefox yake inapata masasisho. Nywila zilizohifadhiwa, futeni leo hii. Mteja atunge yake, aandike mwenyewe.

Mama pale nyuma anauliza kama printa yake itakubali Linux. Zipo zinazokubali zenyewe, zipo zinazogoma. Usibahatishe, mama: Mint inawaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa Windows iliyopo. Washa hivyo, chomeka printa, toa karatasi moja. Ikigoma, zima, chomoa fleshi, na Windows yako iko pale pale. Fleshi yenye Mint ninayo hapa. Mwenye laptopu aje nayo mbele tuijaribu.