Tumbawe Limenywea? Usikimbilie Dawa

Karibuni, watazamaji wa Kampala, Jinja, Mbarara na kote mliko. Leo tunashughulikia tumbawe la kwenye tangi la akwaria lililonywea: mikono haitoki, rangi imefifia, pembeni mifupa myeupe imeanza kuchungulia. Chupa ya dawa iweke chini kwanza. Mara nyingi tatizo liko kwenye maji, na ukimimina dawa sasa utakuwa na matatizo mawili.

Hatua ya kwanza, litazame. Zima pampu kidogo, mulika kwa tochi. Ikiwa nyama bado imefunika mifupa yote ila imekuwa nyeupe, limepauka, yaani limepoteza mwani mdogo sana unaoishi ndani yake na kulilisha kwa nguvu ya mwanga. Hapo shuku joto au taa kali. Ikiwa nyama inachubuka kuanzia chini ya shina, shuku alkali, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, iliyopanda na kushuka. Ukiona ute wa kahawia unaonuka, usisubiri hata saa moja: unyonye kwa bomba la mpira, kisha litenge tumbawe hilo, maana ute huo huhamia kwa majirani.

Hatua ya pili, pima. Joto nyuzi 25 hadi 26. Chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, ambayo kwenye kipimo cha uzito wa maji husomeka karibu 1.026. Alkali 8 hadi 9 dKH (kizio cha kupimia alkali), kalisi miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Naitreti, inayotokana na uchafu na mabaki ya chakula, iwe kidogo, ila isiwe sifuri. Maji yasiyo na chochote nayo hulitia tumbawe njaa.

Sasa maji yenyewe, na hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa kuwa bahari iko mbali. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo yapitishe kwenye mashine ya osmosi, ile ya kuchuja maji, uyakusanye kwenye jerikeni ambayo haijawahi kubeba mafuta wala sabuni. Chumvi tumia ya akwaria ya matumbawe. Najua kuna atakayeuliza kuhusu chumvi ya Katwe, maana ni ya hapa nyumbani na bei yake nafuu. Hapana. Ziwa Katwe lina kabonati na salfeti nyingi, mchanganyiko wake si wa bahari. Ya mezani nayo haifai.

Koroga chumvi kwa pampu usiku kucha, lete joto lilingane na la tangi, halafu badilisha asilimia 10 tu. Alkali ikiwa imeshuka hadi 6, usiipandishe yote leo. Isizidi 1 dKH kwa siku. Najua mkono unawasha, lakini tumbawe linaumizwa zaidi na mruko wa ghafla kuliko kiwango cha chini lililokwisha kukizoea.

Kisha punguza taa hadi karibu nusu, au lishushe tumbawe chini penye kivuli. Mkondo wa maji uwe wa wastani. Mikono iyumbe, isilale upande mmoja.

Umeme ukikatika, au Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku mmelala, kinachoua haraka ni kukosa oksijeni. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na maji hushika oksijeni kidogo kuliko Mombasa. Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Ukiwa na inveta, iunganishe na pampu ya mkondo kabla ya taa. Taa zinaweza kusubiri.

Chakula? Mikono ikianza kutoka, weka vipande vidogo vya uduvi wa baharini, mara moja au mbili kwa wiki, pampu ikiwa imezimwa. Unga wa mukene, dagaa wa ziwani, waachie kuku.

Na kama nyama inaendelea kuchubuka ingawa vipimo vimetulia, okoa tawi lililo zima. Vaa glavu na miwani, kata mifupa chini kidogo ya mahali nyama inapoishia, usiiguse nyama yenyewe. Likaushe shina kwa kitambaa, libandike juu ya jiwe kwa supaglu nzito ya jeli, ulirudishe kwenye kivuli. Taa ipandishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na mikono ikirudi ndani, ishushe tena.