Akisema "Mimi Mzima", Msimwamini

FAKI: Assalaam alaykum, msikilizaji. Mimi Faki, niko na dada yangu Mize. Leo tunaongelea miti. Si kupanda miti kwa ajili ya mazingira, hayo mmeshayasikia sana. Tunaongelea watu wanaoanguka kutoka juu yake.

MIZE: Waalaykum salaam. Na zaidi tunaongelea kichwa. Maana mguu ukivunjika, kila mtu anauona umepinda. Kichwa kinaweza kuumia vibaya na juu hakina hata mkwaruzo.

FAKI: Kwa wasiomjua, Mize ni muuguzi. Mimi nimezaliwa Pemba, katikati ya mikarafuu. Kwa hiyo kazi tumegawana: mimi napanda, yeye ananipokea chini.

MIZE: Inshallah usinipe kazi hiyo. Haya, hebu tueleze huko juu kukoje.

FAKI: Mkarafuu ukiutazama kwa mbali unapendeza, umesimama kama mnara. Mkubwa unafika mita kumi, wa zamani unapita hapo. Sasa karafuu hazikai karibu na shina, zinakaa kwenye ncha za matawi. Mchumaji anaanza na ngazi, ngazi ikiisha anashika mti. Halafu anatoka nje, anakanyaga tagaa, mkono mmoja ana kigoe cha kuvutia vitawi, mkono wa pili unakonyoa. Pakacha liko begani au limening'inizwa. Sasa nikuulize wewe muuguzi, huyu kajishika na mkono gani?

MIZE: Hajajishika.

FAKI: Hajajishika! Na tagaa la mkarafuu si la mwembe. Mwembe unalalamika kwanza, unasikia kriiii, unapata nafasi ya kurudi. Mkarafuu unakatika pa! kama kijiti kikavu, hata kama ni mbichi. Ongeza mvua ya vuli, gome linateleza. Halafu ongeza maji moto.

MIZE: Wale siafu wekundu wanaoshona majani?

FAKI: Haohao. Unafumua kitawi, kumbe ndani kuna kiota. Wanakuingia shingoni, kwapani, kwenye kope. Hapo mwili wenyewe ndio unaoamua, mkono unaachia mti kwenda kujipiga. Watu wanasema "kateleza", "kavunjikiwa na tagaa". Ukikaa na wachumaji wakakueleza vizuri, wengine wameangushwa na mdudu.

MIZE: Na malipo ni kwa pishi, kwa kipimo cha alichochuma.

FAKI: Kwa pishi. Ndiyo maana mtu hashuki kwenda kuhamisha ngazi. Anajinyoosha tu, kile kishada kimoja zaidi, hicho pale. Nadhani watu wengi wanaanguka wakiwa kwenye kishada cha mwisho.

MIZE: Na minazi?

FAKI: Mnazi shida yake nyingine. Hauna matawi, unauparaga kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina au kwa kitanzi cha kamba miguuni. Ile minazi mirefu ya pwani yetu, kuanzia Lamu na Kilifi, Tanga, Bagamoyo mpaka Mafia, mita ishirini ni kawaida. Mkwezi hodari anapanda na kushuka miti mingi kwa siku, na panga kiunoni. Hatari kubwa iko kule juu kabisa, pale anapotoka kwenye shina na kuingia kwenye makuti. Akishika kuti lililokauka, linang'oka lote analo mkononi.

MIZE: Mimi nilipiga hesabu moja ya sekondari. Mtu akianguka kutoka mita kumi, ukiacha upepo, anafika chini kwa chini ya sekunde moja na nusu, akiwa na mwendo wa kama kilomita hamsini kwa saa. Ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa gari mjini. Kutoka mita ishirini, ni kama sabini.

FAKI: Na nazi nayo?

MIZE: Mwendo uleule. Nazi na ganda lake lote inapita kilo moja, nyingine zaidi. Mwaka 1984 daktari mmoja, Peter Barss, aliandika kuhusu majeruhi wa hospitali ya Alotau, Papua New Guinea. Katika miaka minne, asilimia 2.5 ya waliolazwa kwa majeraha walikuwa wameangukiwa na nazi. Baadaye watu wakamcheka, hata ile tuzo ya utafiti wa kuchekesha, Ig Nobel, akapewa mwaka 2001. Lakini yeye alikuwa anaandika kuhusu mafuvu yaliyopasuka.

FAKI: Kuna ile habari inayozunguka mitandaoni, kwamba nazi zinaua watu 150 kila mwaka duniani, wengi kuliko wanaouawa na papa wa baharini.

MIZE: Hiyo haina msingi, hakuna aliyewahi kuzihesabu. Msiisambaze. Ukweli wenyewe unatosha kutisha.

FAKI: Sasa tufike chini. Mtu kaanguka.

MIZE: Kaanguka, kazimia dakika moja, mbili. Watu wamekusanyika, mmoja anamwagia maji. Akazinduka. Akakaa. Akauliza panga langu liko wapi. Watu wakasema alhamdulillahi, mzima. Akapelekwa nyumbani, akala, akasema kichwa kinagonga kidogo, akalala. Alfajiri hawakuweza kumwamsha.

FAKI: Hadithi hiyo naijua vijiji vitatu tofauti.

MIZE: Kila mtu wa pwani anaijua, na kila mara tunasema "siku yake ilifika". Sitaki kubishana na siku ya mtu. Lakini naomba nieleze kilichotokea ndani. Hapa pembeni mwa kichwa, kati ya jicho na sikio, fuvu ni jembamba. Kwa ndani yake unapita mshipa wa damu. Fuvu likipata ufa pale, ule mshipa unachanika, damu inaanza kujikusanya kati ya mfupa na utando unaofunika ubongo. Mwanzoni damu ni kidogo, nafasi ipo, mtu anazungumza vizuri kabisa. Anaweza hata kutania. Lakini fuvu halitanuki. Damu inaongezeka, ubongo unasukumwa, unabanwa kuelekea chini ambako ndiko kuna sehemu inayoendesha pumzi. Baada ya saa chache anaanza kusinzia.

FAKI: Kwa hiyo ule uzima wa katikati ni wa uongo.

MIZE: Kwa huyo, ndiyo. Si kila anayezinduka atakwenda njia hiyo. Wengi ubongo umetikisika tu, watapona. Lakini ukimtazama kwa macho hapo chini ya mti huwezi kuwatenganisha, hata mimi siwezi. Anayetenganisha ni kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya kichwa. Na uchungu wake ni kwamba huyu wa damu, akifunguliwa fuvu mapema na damu ikatolewa, mara nyingi anapona vizuri, kwa sababu ubongo wenyewe haukuumia sana. Anayemuua ni muda.

FAKI: Na muda wetu unajulikana. Mtu yuko shambani Mtambwe, Pemba. Mpaka apatikane mwenye gari, mpaka Wete au Chake, na kama anahitaji upasuaji wa ubongo pengine avuke bahari mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja.

MIZE: Ndiyo maana nasema safari ianze pale anapokuwa bado anazungumza. Ukisubiri asinzie, umeshapoteza zile saa ulizokuwa nazo.

FAKI: Tuambie basi, nani aende hospitali?

MIZE: Yeyote aliyeanguka kutoka juu ya mti na kuzimia, hata kama ni kwa muda mfupi. Yeyote asiyekumbuka kaangukaje. Anayetapika. Anayeuliza swali lilelile mara tatu. Maumivu ya kichwa yanayoongezeka badala ya kupungua. Mboni moja imekuwa kubwa kuliko ya pili. Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea. Degedege. Na hili watu hawalijui: maji yasiyo na rangi yanayotiririka puani au sikioni. Si mafua yale. Ni maji yanayozunguka ubongo, maana yake kuna mlango umefunguka ndani.

FAKI: Na jinsi ya kumbeba. Maana nimeona mtu kawekwa mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya dereva na nduguye, kichwa kinayumba kama cha kuku aliyechinjwa.

MIZE: Ya rabi. Aliyeanguka na kuumia kichwa, mhesabu kuwa na shingo nayo imeumia. Asikalishwe. Asivutwe. Asikandwe wala kuchuliwa shingo, mabibi zetu mtusamehe. Mtu mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa mikono miwili, kikae sambamba na mwili, na asiachie mpaka hospitali. Wengine watafute kitu bapa na kigumu, hata mlango ung'olewe. Akitaka kutapika mnamgeuza ubavu, kichwa, shingo na kiwiliwili kwa pamoja kama gogo, asije akapaliwa. Hilo la kupaliwa linatangulia yote, pumzi haisubiri. Na asipewe maji ya sukari wala uji. Pengine atahitaji kupasuliwa, na tumbo liwe tupu.

FAKI: Damu ikiwa inatoka?

MIZE: Kitambaa safi, bonyeza. Ukihisi mfupa umebonyea usikandamize pale, funika tu. Na mtu mmoja aandike saa aliyoanguka. Kwenye mkono, kwenye simu, popote. Daktari atauliza.

FAKI: Kuna mzee kijijini kwetu alianguka, akapona, anatembea. Lakini hasikii harufu. Mchumaji wa karafuu! Unampita barabarani msimu wa kuanika, kijiji kizima kinanukia, yeye hana habari.

MIZE: Hiyo inatokea. Nyuzi za harufu ni nyembamba mno, zinapenya kwenye vitundu vya mfupa juu ya pua. Kichwa kikigonga kwa nguvu, hasa kisogoni, ubongo unakwenda mbele na kurudi, nyuzi zinakatika. Wengine wanabaki na sahau, hasira za ghafla, kulia bila sababu. Halafu mke anaambiwa mumeo ana shetani, anaanza kuzungushwa kwa waganga, na hakuna anayekumbuka kwamba mwaka juzi alianguka mnazini.

FAKI: Na wengine wanarudi juu baada ya wiki.

MIZE: Kizunguzungu hakijaisha, anarudi juu! Huyo ataanguka tena, na pigo la pili kwenye ubongo ambao haujapona ni baya kuliko la kwanza.

FAKI: Sasa vifaa. Mtu wa kwanza atasema kofia.

MIZE: Kofia ni nzuri, ila tusiidanganye dunia. Hakuna kofia itakayokuokoa na mita ishirini. Kofia inazuia tawi, nazi, panga lililomponyoka mwenzako, na inapunguza pigo ukianguka kutoka kimo kifupi. Tena zile za manjano za ujenzi mtindo wake mwingine. Kiwango cha Ulaya cha kofia za viwandani, EN 397 toleo la 2012, kinataka kamba ya kidevuni ifunguke ikivutwa kwa nguvu, isije ikakunyonga ikinasa. Za wapanda milima, EN 12492, kamba inatakiwa ishikilie, maana ukianguka huku unajigonga kofia ibaki kichwani. Kwa anayepanda mti, hii ya pili ndiyo yenyewe.

FAKI: Na mimi nasema kamba kwanza. Kamba mbili. Unapohamisha moja, nyingine inakushika. Ifungwe kwenye shina, si kwenye tagaa ulilokanyaga, maana likikatika mnashuka wote. Na iwe fupi. Nimeona mtu kajifunga kamba ndefu, anajisifu yuko salama. Kamba ile ingemngoja chini.

MIZE: Na si kiunoni tu. Mkanda unaopita mapajani na mabegani. Wa kiunoni peke yake unaweza kukuumiza mbavu na mgongo.

FAKI: Kerala, India, wenzetu wa nazi, Bodi ya Nazi ilianza mwaka 2011 kufundisha vijana kupanda kwa kifaa cha chuma cha kukanyagia, pamoja na bima. Wakaingia hata wanawake. Sisi mkwezi bado anafundishwa na mjomba, na somo la kwanza ni usiogope.

MIZE: Na walioko chini?

FAKI: Hao ndio wasiohesabiwa. Watoto wanaookota karafuu chini ya mti wakati baba yuko juu. Wateja wa madafu wamekaa kivulini mwa mnazi uleule unaoanguliwa! Juu akipanda mtu, chini pasiwe na mtu, basi. Na wale wa chenso, kule bara kwenye mashamba ya misonobari kama Sao Hill, wao tishio lao ni tawi lililonasa juu, linaloanguka mti ukitikiswa. Kabla ya kuwasha mashine unatazama juu, unasafisha njia ya kukimbilia, nyuma na pembeni. Wengine wote wakae mbali, walau urefu wa miti miwili.

MIZE: Kinachonikera mimi ni pesa. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, Kenya kuna sheria yao ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA, ya mwaka 2007. Zote zinamtafuta mwajiri. Sasa mkwezi mwajiri wake nani? Kaitwa leo na Bi fulani, kesho na Mzee fulani.

FAKI: Karafuu angalau ZSTC, lile shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hutoa fidia kwa walioanguka mikarafuu. Mnazi hauna ZSTC wake.

MIZE: Na fidia inakuja mtu keshaanguka. Mimi namtaka mwenye shamba. Ana pesa za mapakacha, ana pesa za majamvi ya kuanikia, ana pesa za gari la kupeleka karafuu kituoni. Kamba na mkanda viingie kwenye orodha hiyohiyo, viwe mali ya shamba, kila mchumaji anayekuja anavikuta.

FAKI: Watakwambia zamani hatukuwa na hayo.

MIZE: Zamani walianguka pia. Waulize wajane.

FAKI: Swali la mwisho, msikilizaji wa Mombasa ametuma sauti. Anauliza, aliyegonga kichwa anyimwe usingizi?

MIZE: Usingizi wenyewe haumuui. Hatari ni kwamba amelala nanyi hamjui kama ni usingizi au amezimia. Daktari akishamwona na kumruhusu nyumbani, alale, na mtu mzima alale chumba hichohicho usiku wa kwanza, amwamshe kwa vipindi kama alivyoelekezwa: jina lako nani, uko wapi, nishike mkono. Akijibu ovyo au asipoamka, ni hospitali usiku uleule, msingoje kupambazuke.

FAKI: Ahsante, dada. Wiki ijayo tuko na wavuvi. Tuma sauti yako kabla ya Jumatano.