Chubwi Imepita Bila Kutazamwa

Mugonile nyote. Na ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa, kamwene.

Nina vitu viwili mfukoni. Navipitisha, kila mmoja avishike. Cha kwanza ni chambo bandia, kisamaki cha plastiki laini chenye mkia unaochezacheza. Nilipewa na mgeni aliyekuja kuvua trauti huko Mufindi. Cha pili ni chubwi, kile kizito cha madini ya risasi cha kuzamishia mshipi au wavu, ninyi wengi mnaiita risasi tu, nimeinunua Kyela. Vizungusheni taratibu, mimi naendelea.

Haya, naona tayari. Kisamaki kimekwama mstari wa kwanza, kila mtu anakibonyeza na kucheka. Chubwi imeshafika nyuma kabisa na hakuna aliyeitazama. Huo ndio mhadhara wangu wote, ningeweza kushuka jukwaani nikanywe chai.

Kila ninapoalikwa kuzungumzia chambo bandia, watu hutegemea niilaani plastiki. Nitailaani, ngojeni. Lakini kisamaki hiki ni chepesi kama andazi. Kinachokipeleka chini aliko samaki ni ile risasi inayofungwa juu yake kwenye mshipi, na risasi ni sumu. Sisi tunapima macho ya nyavu, tunachoma makokoro, tunafukuza nyavu haramu za timba, na ni vizuri kabisa. Ila kwa muda wote niliozunguka mialo ya wavuvi ya Ziwa Nyasa, Itungi hadi Matema, sijamwona mkaguzi akiokota chubwi na kuuliza: hii imeyeyushiwa wapi?

Niwaambie basi. Walionisikia Tukuyu wanisamehe, hadithi ni ileile.

Nilimkuta fundi chini ya mwembe, hatua chache kutoka ziwani. Ana betri mbovu za magari, kama kumi hivi, amezipasua kwa shoka. Maji yake makali ameyamwaga palepale mchangani. Sahani za ndani kazitia kwenye sufuria, sufuria iko juu ya jiko la mkaa, mwanawe anapepea. Risasi haidai moto mkubwa. Ikifika nyuzi 327 inakuwa maji, ndiyo maana jiko la kukaangia samaki linatosha na sufuria ya alumini haidhuriki. Anachota kwa kopo, anamimina kwenye vishimo alivyochimba katika udongo wa mfinyanzi, na kabla jua halijasogea ana chubwi za kijiji kizima. Fundi hodari, simdharau. Nikamuuliza, "Mjomba, na hii sufuria baadaye?" Akanijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto: "Inasuguliwa kwa mchanga, inarudi jikoni."

Mchanga upi? Uleule alioumwagia betri.

Hapa lazima atokee mtu wa kusema, babu zetu wametumia chubwi hizi na hatukufa. Naona huyo kijana mkono uko njiani. Shusha, mwanangu, nakujibu.

Watu wa Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar huko Senegal, wangesema maneno hayohayo. Kwao nako mhunzi aliyeyusha betri miaka nenda miaka rudi akitengeneza chubwi za nyavu, na masalia yakawa yanajichanganya na mchanga. Bei ya risasi ikapanda duniani. Watu wakaanza kuchekecha ule mchanga ili wauze vipande, vumbi likaingia majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Watoto, si mhunzi. Mtoto hutambaa, hutia vidole mdomoni, na mwili wake hufyonza sehemu kubwa zaidi ya anachomeza kuliko mwili wako wewe. Ubongo wake bado unajengwa. Asiyekufa anakua, anapelekwa shule, hashiki masomo, na mwalimu anasema mzembe huyu. Nani atakumbuka sufuria?

Tena niulize, na msinidanganye: wangapi hubana vile virisasi vidogo kwenye mshipi kwa meno? Naona mikono. Mzee wa kofia, usishushe, hatukukamati.

Sasa viumbe. Mmefuga kuku, mnaijua firigisi. Ukiipasua unakuta changarawe, maana ndege hana meno, anasaga chakula kwa mawe. Uingereza wana bata maji wakubwa weupe wenye shingo ndefu, nao huokota changarawe chini ya mito. Wavuvi wa mshipi wakawa wanaangusha virisasi vyao humo humo. Bata anaokota, firigisi inasaga, risasi inakuwa unga na kuingia kwenye damu, shingo inalegea, ndege anakufa. Mwaka 1987 wakapiga marufuku uuzaji wa chubwi za risasi zenye uzito wa kuanzia gramu 0.06 hadi gramu 28.35. Kipimo hicho wengine hukicheka, lakini kina akili: wamelenga zile ndogo ambazo ndege anaweza kuzimeza. Denmark walikwenda mbali zaidi mwaka 2002, wakazuia biashara ya zana za uvuvi za risasi.

Niseme ukweli, chubwi iliyozama Nyasa kwenye kina cha mita mia saba hainikoseshi usingizi. Risasi nzima ndani ya maji huyeyuka polepole mno. Ninayoiogopa ni iliyoko kwenye maji ya kina kifupi, midomoni mwa mito kama Kiwira na Mbaka, ambako mbasa hupanda kutaga na ndege hushinda wakidonoa. Na kuliko zote, ile iliyoko uani kwa fundi.

"Hao ni matajiri, sisi mbadala tutautoa wapi?" Unao, ndugu yangu, unaurusha jalalani. Plagi kuukuu za bodaboda. Nati. Jiwe lililotobolewa. Mtasema ni nyepesi, na ni kweli: ujazo uleule, risasi ina uzito mara 11 ya maji, chuma karibu mara 8, jiwe mara mbili na nusu au zaidi kidogo. Basi funga kubwa zaidi! Mbasa anakimbiza usipa, dagaa wetu wa Nyasa. Akiona kitu kinang'aa na kukimbia, anakirukia. Hana mizani ya kupima chubwi yako. Na petroli yenye risasi mmeisahau? Tuliambiwa injini zitakufa. Kusini mwa Sahara tumeachana nayo tangu mwanzoni mwa 2006, na Mwanjelwa pale Mbeya bado hapapitiki kwa magari.

Mwenyekiti amenipa karatasi: dakika tatu. Kila mwaka hivi hivi.

Plastiki, haraka. Kisamaki hicho ni plastiki iitwayo PVC, iliyolainishwa kwa kemikali. Kiacheni ndani ya kopo la plastiki ngumu wiki kadhaa, mtakuta kopo limeyeyuka likanatana nacho. Hiyo kemikali haikai mahali pake. Majini kinavimba. Trauti akikimeza kinaweza kumkalia tumboni. Katika jimbo la Maine, Marekani, mwaka 2013 ulipelekwa muswada wa kuvipiga marufuku. Haukupita hivyo, ikaagizwa vichunguzwe kwanza. Sisi tangu Juni 1, 2019 tumezuia mifuko ya plastiki. Mgeni anaacha mfuko wake uwanja wa ndege, halafu anapita na sanduku zima la visamaki vya plastiki, anakwenda kuvipoteza kwenye vijito vyetu.

Ninachoomba ni kidogo. Kanuni za uvuvi zilizo chini ya Sheria ya mwaka 2003 zitaje risasi kwa jina lake, zianze na chubwi ndogo. Na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, mkiwa mwaloni, muulizeni fundi kabla hamjamuuliza mvuvi. Mpeni plagi, msimnyang'anye jiko.

Nilitaka pia kusema juu ya nailoni iliyokatika inayoendelea kunasa samaki na ndege bila mwenyewe, lakini naona sahani zinaingia. Nirudishieni kisamaki changu. Na chubwi je, iko kwa nani? Imeshikwa na ukumbi mzima. Maji na sabuni viko pale mlangoni, mtu asiguse andazi.