Zebaki Inapoingia Ndani ya Seli

Walimu wenzangu, wanafunzi, na wageni wetu mliofika,

Naomba tuanzie mwaloni, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, kwa sababu huko ndiko habari hii inakoanzia. Katika machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita nilimwona mchenjuaji akichanganya mchanga mzito na zebaki ndani ya karai, kwa mikono mitupu, mpaka chembe za dhahabu zikashikamana nayo. Akaikamua kwa kitambaa, akabakiwa na kitonge cha kijivu kisichozidi punje ya hindi, akakiweka juu ya makaa na kupuliza. Baada ya dakika chache weupe ule wa fedha ulikuwa umeondoka na dhahabu imebaki, na wote tuliokuwapo, pamoja na mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni, tuliinama kutazama.

Mhadhara wangu wa leo unahusu kile kilichoondoka.

Wengi wetu huiogopa zebaki ya majimaji, ile inayoteleza kiganjani. Lakini mtu akimeza tone lake, karibu lote hutoka kama lilivyoingia, kwa kuwa utumbo hauifyonzi. Mvuke ni jambo jingine kabisa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu, na takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa kwa pumzi hubaki mwilini. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, kwa hiyo macho na pua, walinzi tuliowazoea, havitusaidii kitu.

Atomu ya zebaki isiyo na chaji huyeyuka katika mafuta, na utando wa seli umejengwa kwa mafuta. Haihitaji mlango wowote. Hutoka kwenye mapafu ikaingia katika damu, ikafika kwenye ubongo, na kwa mjamzito ikavuka kondo la nyuma hadi kwa kijusi. Ikiwa ndani ya seli hukutana na katalasi, kimeng'enya ambacho kazi yake ya kila siku ni kuvunja peroksaidi ya hidrojeni isije ikaidhuru seli. Katika kazi hiyohiyo zebaki hunyang'anywa elektroni mbili ikageuka ioni, yaani atomu yenye chaji, na ioni haiwezi tena kupenya mafuta kirahisi. Naomba mlitafakari jambo hili, kwa maana kwangu ndilo zito kuliko yote: mlinzi wa nyumba ndiye anayefunga mlango wakati adui yuko ndani.

Ioni hiyo ina mvuto mkubwa mno kwa salfa, na salfa imo karibu katika kila protini, ikiletwa na asidi amino iitwayo sisteini. Mahali hapo ndipo vimeng'enya vingi hufanyia kazi yao. Zebaki ikipashika, umbo la kimeng'enya huharibika na kazi husimama. Glutathioni, ambayo ni akiba ya seli ya kuzima chembe kali za oksijeni zinazovuja kutoka kwenye mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, nayo ina salfa, kwa hiyo hutumika kuifunga zebaki hadi ikapungua. Akiba ikiisha, chembe zile hushambulia utando, protini na hata DNA. Katika seli za neva kuna madhara zaidi, kwa sababu zebaki huvunja tubulini, yaani protini inayojenga nguzo za ndani za mkia wa neva. Seli za mirija ya figo zikifa, nyingine huweza kuchipua; neva iliyokufa ubongoni kwa kawaida haipati mrithi. Ndiyo sababu mchomaji wa miaka mingi hutetemeka mikono, husahau, na hukasirika bila sababu, na jamaa zake wakadhani ni tabia.

Zebaki isiyovutwa na mtu hurudi ardhini, ikaoshwa na mvua hadi mitoni. Katika tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo huongezeka kutoka kwa kiumbe mdogo hadi kwa samaki mkubwa. Hii ndiyo iliyowaua na kuwalemaza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa wao ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956, na watoto walizaliwa na ulemavu mkubwa ilhali mama zao walionekana karibu wazima. Ikiungana na sisteini hufanana na methionini, asidi amino ambayo mwili huihitaji, na lango la ubongo huipitisha kama chakula.

Mtaniuliza kuhusu dawa. Zipo, na zimetengenezwa kwa hekima ileile ya salfa: hubeba salfa yao wenyewe ili zebaki izishike hizo, kisha itolewe na figo kupitia mkojo. Ila hazijaonyesha uwezo wa kuiondoa zebaki iliyokwisha kujikita ubongoni. Kwa hiyo mimi nasimama upande wa retoti, chombo kidogo cha chuma chenye kifuniko na bomba. Kitonge huchomwa ndani yake, mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, na zebaki hudondoka tone kwa tone katika kikombe, tayari kwa kazi ya kesho.