Umeme Ukikatika, Maji ya Tangi la Samaki Yanakwenda Wapi?

Habari zenu wadau. Leo hatuoshi tangi wala hatuongezi samaki, tunashughulika na waya. Sogea uone huku nyuma ya kabati.

Kabla sijatia mkono majini, nazima soketi ukutani na kuchomoa plagi zote: taa, pampu ya hewa, filta. Hata kama natoa jani moja tu. Umeme wa nyumbani ni volti 230, usiutanie na mkono uliolowa.

Sasa tazama huu mpira mwembamba wa hewa. Pampu ikiwa inafanya kazi, hewa inayazuia maji yasiingie humu. Umeme ukikatika, hakuna tena cha kuyazuia. Kama pampu iko chini kuliko usawa wa maji, maji yanaweza kupanda mpirani, na yakishavuka ukingo wa tangi yanateremka yenyewe hadi kwenye pampu. Mimi yalinikuta. Pampu ilikuwa sakafuni, ekstensheni pembeni yake, umeme ukakatika usiku. Asubuhi nakanyaga zulia limelowa chapachapa, tangi limepungua nusu. Bahati yangu umeme ulikuwa haujarudi.

Kwa hiyo, pampu itundike juu ya usawa wa maji. Ukikosa nafasi, kata mpira na uchomeke katikati kivali hiki cha kuzuia maji yasirudi. Ni kidogo kama kifuniko cha kalamu, na watu wengi wanakifunga kinyume. Kipulize kwa mdomo: upande unaopitisha pumzi yako ndio unaoelekea kwenye pampu. Mimi navifunga vyote viwili, pampu juu na kivali, kwa sababu kivali nacho huchakaa.

Waya wa filta usiuvute ukanyooka kutoka kwenye tangi hadi kwenye soketi. Uache ulegee, ushuke chini ya soketi kama kamba ya kuanikia nguo, ndipo upande. Tone likiteleza kwenye waya litadondoka hapo chini, halitafika kwenye plagi. Ekstensheni nayo ifunge ukutani kwa skrubu, isilale sakafuni.

Fundi umeme akija, muulize kama bodi yako ina breka ya RCD ya miliampia 30. Hiyo inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukivuja kidogo kupitia majini au mwilini mwako, inakata papo hapo. Breka ya kawaida haikuokoi, inangoja mpaka waya uzidiwe. RCD ina kitufe cha TEST, ukikibonyeza lazima izime.

Wa Dar hita hamna haja nayo, ila wa Njombe na Mbeya: ichomoe, ngoja robo saa ipoe, ndipo upunguze maji. Ikiwaka nje ya maji, kioo chake kinaweza kupasuka.

Haya, umeme umekatika, giza limeingia. Usiwalishe samaki, chakula kitaoza na kula hewa iliyobaki. Fungua kifuniko. Ukiwaona wanahema juu ya maji, chota maji ya tangi kwa jagi safi na uyamimine taratibu kutoka juu, hivi, dakika chache, kisha rudia. Maji ya joto hushika hewa kidogo, kwa hiyo kwenye joto la Dar usingoje sana. Zipo pampu ndogo za hewa zinazotumia pawabenki, nunua moja uweke.

Umeme ukirudi, usikimbilie kuwasha. Acha utulie kwanza. Filta ya kopo iliyofungwa, ikilala saa nyingi bila maji kupita, bakteria wake wanaosafisha maji hufa na maji ya ndani hunuka kama yai viza. Yamwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, siyo ya bomba yenye klorini, ndipo uwashe.

Tumalize na jaribio. Pampu na filta zinafanya kazi, nazima soketi hii makusudi. Weka macho kwenye mpira... maji yamepanda kidogo, yamesimama. Nimengoja dakika kumi. Napapasa sakafu: kavu.